Namba ya Kupiga Nyanungu

Mama mkwe wangu hupiga pasi maneno. Neno linaweza kutoka kwa baba mkwe kule zizini likiwa limekunjamana na lina miiba, lakini hadi mama afike nalo mlangoni kwangu limeshanyooka. Wiki ile ya mwisho kabla ya kuzindua tovuti yetu ya kupokea wageni, nilimpa simu yangu ampelekee mzee aione picha ya ukurasa wa mbele. Akarudi anatabasamu.

"Baba yako amefurahi sana," akasema. "Anasema picha ni nzuri, ila kama ungepata nyingine pia, si vibaya."

Nilikuwa dirishani, na masikio ninayo. Nilichomsikia mzee akisema ni hiki: "Ng'ombe amekonda namna hii, mnataka watu waseme hapa kuna njaa? Toa hiyo."

Nikaitoa. Ng'ombe kweli alikuwa amekonda, sina ugomvi na hilo. Kilichokuwa kinanichosha ni ile pasi. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mama akiniambia mvua inanyesha, natoka nje kuhakikisha.

Mimi ni Msukuma. Baba yangu, Malimi, alitoka Geita kuja Nyamongo kufuata dhahabu, na dhahabu ilipomkwepa akabaki kuisubiri mpaka leo. Nimekulia kwenye kelele za machimbo, ambako kila mtu humwambia kila mtu lolote, tena kwa sauti. Halafu nikaenda kuolewa na Nelson, Mkurya wa Nyanungu, kwenye boma ambalo mkamwana na baba mkwe hawaketi pamoja, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Yeye haingii nyumbani kwangu hata mvua ya mawe imkute mlangoni. Mimi jina lake silitamki, na hata hapa silitaji. Ndiyo sababu tovuti haikupewa jina lake kama Emanueli, shemeji yangu, alivyotaka. Ningekuwa msimamizi wa kitu nisichoweza kukitaja. Tuliiita Nyumbani Nyanungu.

Asubuhi mzee hupita kwa mbali. Nasema shikamoo baba, naye huitikia marahaba akiwa amewageukia ng'ombe. Mengine yote hupitia kwa mama.

Nelson alipokuwa hai, jambo hili lilikuwa la kuchekesha. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wetu, na hakuwa na pasi hata kidogo. Alikuja siku moja akasimama mlangoni, akasema, "Mzee anasema ugali wa jana ulikuwa mbichi." Nikamwambia, "Kamwambie kesho asonge mwenyewe." Nilisema kwa hasira tu, sikutegemea afikishe. Akaenda kweli akafikisha, na nikamsikia mzee akicheka huko zizini mpaka akakohoa. Usiku wake nilimkemea Nelson mpaka nikachoka, naye akasema maneno ya watu hayaguswi njiani. Nilimpenda sana mwanaume yule.

Alifariki mwaka juzi, msimu wa mvua. Habari ya wageni ilikuwa wazo langu. Nyanungu haiko mbali na mbuga, na wapo watu waliochoka kulala kwenye mahema ya bei mbaya, wanaotaka kulala mahali ambapo watu wanaishi na kuamka wakasikia ng'ombe wakikamuliwa. Tulijenga nyumba tatu za msonge, tukaweka vitanda na vyandarua. Ikabaki taa. Nikamwomba Nelson aende Mugumu kuchukua betri ya sola. Wakati wa kurudi pikipiki iliteleza kwenye kivuko cha kijito, maji yakiwa juu. Betri ilifika. Nelson hakufika. Betri hiyo ndiyo inayowasha taa za wageni hadi leo.

Tangu tumzike, mzee alizidi kunyamaza. Mtu anaweza kuniuliza, si ndiyo mila yenyewe, kwani alikuwa anakusemesha lini? Ni kweli, na hapo ndipo taabu yangu ilipokuwa. Ukimya wa heshima na ukimya wa lawama, ukiutazama kutoka dirishani, unafanana. Kila aliponipa mgongo asubuhi, nilijiuliza kama ule mgongo ni wa mila au ni wa mtu ambaye hataki kuniona.

Nilimuuliza mama mara moja tu. "Baba yako hana neno na wewe, mwanangu," akasema, haraka, kabla hata hajaenda kumuuliza. Ningemwaminije? Ndiye yule yule aliyenigeuzia ng'ombe aliyekonda akawa picha nzuri.

Kwa hiyo nilikuwa naondoka. Rafiki yangu Nora, niliyesoma naye chuo cha kompyuta Musoma, alikuwa amenitafutia kazi kwenye ofisi ya waongoza watalii kule Mugumu, na nilitakiwa kuanza Jumatatu. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Nilimwambia mama peke yake, akalia, nikamwomba asimwambie mtu. Sikutaka kuondoka kabla tovuti haijakamilika. Kazi ile ndiyo iliyomtoa Nelson nyumbani siku ile, isingekuwa haki nayo iishie njiani.

Basi nikafanya kazi. Mtandao wa boma letu unapatikana juu ya kile kichuguu nyuma ya banda la kuku, na chini ya hapo unapata unachopata. Picha nzito nilikuwa nazipandisha nikiwa nimesimama kichuguuni, laptop mkononi, majirani wakipita wananipa pole. Kuandika niliandika ndani, mezani, kando ya dirisha linalotazama zizi na njia.

Emanueli alikuja kusaidia kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa na wageni. Yeye ni kijana mwenye roho nzuri na uongo mwingi.

"Andika simba wanakuja usiku," akasema.

"Simba hawaji, shemeji."

"Wazungu wanalipa kwa ajili ya simba."

"Na wakija wakakosa simba, watamla nani, wewe?"

Akacheka, akaniambia basi niandike fisi. Fisi niliandika, kwa sababu fisi wapo, na mmoja alishaondoka na kiatu changu. Kisha akaniuliza ni nguo gani avae Jumamosi, nikamwambia yoyote isiyo na tope. Sikumwambia kwamba baada ya Jumamosi atakuwa anajibu maswali ya wageni peke yake. Nilimtazama akitoka, bega moja juu kama kaka yake, nikarudi haraka kwenye maandishi.

Ukurasa wa Sisi ni Nani ndio ulionichukua muda mrefu. Mama nilimpiga picha akikamua, naye alikataa kupigwa mpaka abadilishe kitambaa cha kichwa, halafu akakataa tena mpaka ng'ombe naye afutwe kwato. Emanueli alisimama na fimbo kama askari. Picha ya mzee ni ya mgongo. Hangeweza kunitazama usoni, na mpiga picha nilikuwa mimi, basi alisimama mlangoni mwa zizi akiwa amewageukia ng'ombe wanaotoka, koti lake la kijani limepwaya begani, mkono umenyooshwa kama anawahesabia njia. Katika picha zote za tovuti ile, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Niliitazama mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Nelson nilimweka pia, mistari miwili na picha yake akiezeka msonge wa kwanza. Mimi sikujiweka. Mtu anayeondoka Jumatatu hana sababu ya kujitambulisha Jumamosi.

Ikabaki sehemu moja tupu. Kwenye ukurasa wa Wasiliana Nasi kuna kitufe cha kijani, ukikibonyeza kwenye simu kinapiga moja kwa moja. Wageni wa mbali huandika barua pepe, lakini madereva na waongoza watalii hawana muda huo. Wao wanapiga, wanauliza kuna nafasi au hakuna, wanakata. Kitufe kinahitaji namba, na namba ni ahadi kwamba kuna mtu hapa atakayepokea.

Emanueli alikataa mwenyewe. Simu zake huwa zinapotelea kwenye majani, na moja ilitafunwa na ndama. Mama hana simu na hataki, anasema anayemtaka anajua anapokaa. Namba iliyobaki ilikuwa yangu, na kila mtu alidhani ndiyo itakayowekwa, na mimi siku tatu nilikuwa naandika tarakimu zake kwenye kisanduku cha namba na kuzifuta. Ningekuwa Mugumu, kwenye ofisi ya watu wengine, nikiwaambia wageni maziwa ya Nyanungu ni mazuri.

Alhamisi mama akaniuliza kwa nini kisanduku bado ni kitupu. Nikamwambia akamuulize baba, iwekwe namba ya nani. Nilimtuma kwa uchovu, kama mtu anayetupa jiwe kisimani asikie tu kama kuna maji.

Nikawatazama kutoka dirishani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni mwa zizi. Mama alimsemesha kwa kuinama. Mzee akajibu, na jibu halikuwa fupi. Akaonyesha nyumba yangu kwa fimbo. Akaonyesha njia. Akasimama, akasema mengine akiwa amesimama, kisha akaketi. Kwa umbali ule nilisikia sauti lakini maneno sikuyashika.

Mama alirudi polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu.

"Amesema weka yake," akasema.

"Namba yake? Baba?"

"Ndiyo."

"Amesema hivyo tu, mama? Nimemwona ameongea mpaka akasimama."

"Amesema hivyo tu," akasema mama, akaingia jikoni kwake. Muda si mrefu nikasikia anapika na kulia, kama afanyavyo.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikapika chai nikaisahau ikakauka. Mzee ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, amekifunga kwa kamba ya kiatu na kukining'iniza shingoni. Anakitumia kwa tochi na kusikilizia redio. Kikiita hukitazama kwanza kama anauliza kimemkosea nini, halafu hupokea kwa kupiga kelele. Mtu huyu anaomba namba yake iwekwe kwa wageni wa dunia nzima. Nikajisemea, basi amejua ninaondoka, na amesema niondoke tu, yeye ataziba nafasi yangu na kitochi chake, na mama ameshindwa kulipiga pasi neno hilo. Nikaiweka namba yake. Niliipiga kwenye kisanduku tarakimu moja moja, kwa nguvu, utadhani kisanduku ndicho kilichonikosea.

Ijumaa alasiri nilibaki karibu peke yangu bomani. Emanueli alikuwa ameenda na ng'ombe malishoni, huko huko akate miti ya kusimamishia turubai la wageni. Mama alikuwa ameenda parokiani kuazima shuka kubwa jeupe la kuonyeshea picha za tovuti ukutani. Mzee alikuwa zizini, amemshika ndama mmoja, anamtoa kupe masikioni.

Siku ya kupima tovuti, unatakiwa uwe mgeni mjinga kuliko wote. Unabonyeza kila kitu, hata ambacho mtu mwenye akili hangebonyeza, na unaandika palipogoma. Nilibonyeza picha zote. Nilijiandikia barua pepe nikijifanya Mjerumani. Nilijiwekea nafasi ya watu kumi na moja kwenye nyumba ya watu wawili, na tovuti ikakataa, nikaisifu. Mwisho nikachukua simu yangu, nikafungua Wasiliana Nasi, nikabonyeza kitufe cha kijani.

Nilitaka kiite mara moja tu, nijue kinafanya kazi, nikate. Hiyo ndiyo nia yangu, wala sidanganyi. Kitochi kikalia kifuani mwa mzee. Hakukitazama kama kawaida yake. Alimwachia ndama, akafuta mkono kwenye koti, akapokea kabla sijafikisha kidole kwenye kukata.

"Nyumbani Nyanungu, karibu."

Sauti ilinifikia mara mbili, moja kwenye simu na moja dirishani. Haikuwa kelele. Aliyasema maneno yale kwa utaratibu, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi akiwa peke yake na ng'ombe. Nilipofikiri kwamba huenda kweli aliyafanyia mazoezi, nikashindwa kukata.

"Habari za huko," nikasema, nimeibana sauti puani. "Naulizia nafasi."

"Nafasi ipo. Nyumba tatu, vitanda safi, chandarua. Maziwa ni bure."

Maziwa bure hayakuwepo kwenye tovuti.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Mmoja."

"Unatoka wapi?"

"Mugumu," nikasema, kwa sababu ndilo jina lililokuwa kichwani mwangu wiki nzima.

Jogoo wetu, aliyekuwa kizingitini kwangu, akachagua wakati huo huo kuwika. Mzee akainua kichwa.

"Mama," akasema taratibu, "huyo jogoo nimemsikia mara mbili."

Miaka yote niliyokaa pale hakuwahi kuniita kitu chochote, si kwa jina, si kwa ukoo. Mama ndilo neno wazee wa huku wanalomwitia mke wa mtoto wao wanapomheshimu, nami nilikuwa nikilisikia kwa majirani tu.

"Nisamehe, baba. Nilikuwa napima kitufe. Nakata."

"Usikate."

Akageuka, akaipa nyumba yangu mgongo, akawatazama ng'ombe wachache waliobaki zizini.

"Mimi niko zizini," akasema. "Wewe uko kwako. Hatujakaa pamoja, hatujatazamana. Wazee waliotuwekea mambo haya hawakusema habari ya simu. Au wewe ulisikia wakisema?"

"Sikusikia, baba."

"Basi. Jana nilimpa mama yako maneno akuletee. Alileta?"

"Alisema niweke namba yako."

"Na mengine?"

"Alisema hayapo."

Akaguna. "Yule mama. Hata siku ya posa yangu alinidanganya kwamba baba yake amekubali, kumbe mzee wa watu alikuwa anatafuta fimbo." Akakohoa kidogo. "Nilisema hivi. Kama anaenda Mugumu kwa sababu ya kazi, aende, kazi ni kazi, simu nitapokea mimi. Lakini kama anaenda kwa sababu yangu, kwanza aniambie nimefanya nini."

Nilikuwa nimesimama, nikaketi. Nisipouliza saa ile, ningeuliza lini? Kesho yake boma lingejaa watu, na Jumatatu ningekuwa garini.

"Baba," nikasema, "unanilaumu? Kwa Nelson. Betri niliitaka mimi."

Niliuona mgongo wake, na mkono mmoja umerudi kwenye sikio la ndama. Nilijiandaa kusikia kile ambacho mtu yeyote mwema angesema, kwamba hapana, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba niondoe mawazo hayo. Nilijua pia kwamba akisema hivyo, nitaitikia ndiyo baba, nitakata simu, nitafunga begi.

"Nilikulaumu," akasema.

Nikaibana simu sikioni.

"Ule mwaka wa kwanza, wote. Nikiona taa ya wageni imewaka, nasema, ile ndiyo imemla mwanangu, na aliyeitaka amelala ndani. Hukuwa umelala, najua. Lakini nilisema. Nikailaumu pikipiki. Nikaulaumu ule mto. Nikamlaumu padre kwa kusema Mungu alimpenda zaidi, kwani mimi nilimpenda kidogo? Halafu nikachoka. Kulaumu ni kazi ya mtu mwenye nguvu, mama, na mimi nimezeeka."

"Na sasa?"

"Sasa haipo. Nimeitafuta siku nyingine nikiwa na hasira zangu, sikuiona. Kilichobaki ni kwamba simwoni mtoto." Akamkuna ndama shingoni. "Jioni ng'ombe wakiingia, natazama hiyo njia ya Mugumu. Ujinga tu, najua aliko, ni mimi niliyemzika. Natazama hata hivyo. Na kila nikigeuka, nakuona dirishani, na wewe unatazama njia hiyo hiyo. Mama yako yeye hulia akipika, ndiyo namna yake. Emanueli ni kijana, atasahau, na asahau tu. Tunaomtazamia ni mimi na wewe. Ukienda nitatazama peke yangu. Nitaweza. Lakini nilitaka ujue."

Nililia. Sikujua kama inaruhusiwa kulia mbele ya baba mkwe, lakini sikuwa mbele yake. Nililia kwa sauti, kama watu wa kwetu wanavyolia, na nilijua anasikia mara mbili. Kama angeniambia hakuwahi kunilaumu, nisingemwamini hata chembe, na ningekwenda Mugumu na swali langu nikazeeka nalo. Lile neno, nilikulaumu, lilikuwa la kwanza kunifikia bomani mle tangu Nelson afe likiwa na mikunjo yake yote. Liliuma, na lilikuwa kweli, kwa hiyo na yale yaliyolifuata niliyaamini pia.

Nikafungua mdomo nimjibu. Simu ikakatika.

Salio. Fedha yangu yote nilikuwa nimeiweka kwenye bando la mtandao kwa ajili ya tovuti, dakika za kupiga zikawa zile za kubahatisha. Nikamwona mzee akikitazama kitochi. Akakitikisa, akakirudisha sikioni, akakitikisa tena. Nikadhani atakiachia kining'inie na kurudi kwa ndama wake. Badala yake alikishika mbali na macho, urefu wote wa mkono, akaanza kubonyeza kwa kidole gumba, kitufe baada ya kitufe.

Simu yangu ikaita.

"Ilikatika," akasema.

"Salio langu limeisha, baba."

"Mimi ninalo," akasema, na nilisikia kabisa kwamba anajivuna.

Tukaongea. Aliniambia kwamba Nelson alipokuwa mdogo aliwapa ndama majina ya walimu wake, na mwalimu mkuu alipokuja bomani siku moja akasikia jina lake likiitwa, atoke kwenye mahindi. Nilimwambia kuhusu ule ugali.

"Alinifikishia kweli," akasema mzee. "Nisonge mwenyewe."

"Nilikuwa na hasira, baba."

"Ulikuwa mbichi lakini."

"Ulikuwa mbichi," nikakubali, na tukacheka, yeye zizini na mimi dirishani, na ndama akashtuka akakimbilia kwa mama yake.

Wakati huo mama akatokea njiani, shuka la parokia kichwani. Akasimama. Akamtazama mzee, simu sikioni, amenipa mgongo, mabega yanatikisika kwa kicheko. Akanitazama mimi, simu sikioni, uso umelowa. Alilishusha shuka polepole, akaliweka juu ya majani, akaketi kando yake na kunyoosha miguu, kama mtu aliyetembea mbali na mizigo ya watu wengine.

Mzee alimwona, akashusha sauti.

"Mama."

"Naam, baba."

"Hiki kitufe chako cha kijani. Kinapimwa mara ngapi?"

Kitufe hupimwa mara moja. Kikishaita na kikapokelewa, umemalizana nacho, unaweza kukaa mwaka bila kukigusa. Yeyote aliyesomea kazi hii anajua. Nora anajua, na nilijua nitampigia jioni ile ile nimwambie ofisi itafute mtu mwingine, na kwamba atanigombeza, na kwamba atakuwa na haki. Nikatazama nje. Ng'ombe wa Emanueli walikuwa wanaanza kuonekana kwenye njia, vumbi mbele yao.

"Kila siku, baba," nikasema. "Jioni, ng'ombe wakishaingia."

Akafikiri kidogo.

"Sawa," akasema. "Nitakuwa naweka salio."